Anayelipa na Anayeulizwa: Uhakiki wa Utafiti wa Elimu Nchini

Katika shule zetu za sekondari tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kueleza ni nani anayesimulia hadithi, anasimama upande gani, anamtetea nani na anamnyamazisha nani. Lakini mwanafunzi huyo huyo, na aghalabu hata mwalimu wake, akiwekewa mezani ripoti ya utafiti inayohusu shule yake mwenyewe, huipokea kama mtu anayepokea barua kutoka makao makuu: huisoma akiwa amesimama, huikunja, kisha huiweka kabatini. Ripoti ina majedwali, ina asilimia, ina majina ya wenye shahada. Nani atathubutu kuihakiki?

Katika makala hii tunakusudia kuthubutu. Ripoti ya utafiti nayo ni maandishi kama maandishi mengine. Ina mwandishi, ina anayemlipa mwandishi, na ina watu wanaozungumziwa ambao mara nyingi hawapewi nafasi ya kujibu. Ina mwanzo ambapo swali huchaguliwa, na ina mwisho ambapo mapendekezo hutolewa, na katikati ya hayo mawili kuna njia ambayo msomaji ana haki ya kuikagua hatua kwa hatua. Tunaambiwa mara kwa mara kwamba zinahitajika kanuni za kuendesha na kugharimia utafiti wa elimu. Tunakubali. Ila tunaona kwamba kanuni zinazotungwa bila ya kutazama yaliyotokea huwa ni maneno mazuri yasiyomgusa mtu. Kwa hiyo tutaanza na yaliyotokea, na tumechagua jambo moja ambalo kila msomaji wa kitabu hiki amelionja darasani, nalo ni utafiti kuhusu lugha ya kufundishia.

Hata hivyo inafaa kwanza turudi nyuma kidogo, kwa sababu desturi ya kuja kuchunguza elimu yetu kwa fedha za mbali haikuanza juzi. Mwaka 1924 tume iliyotumwa na Mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ilizunguka Afrika ya Mashariki, ikapita Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja na Nyasaland, na mwaka uliofuata ikachapisha ripoti nene juu ya elimu ya Waafrika. Mwenyekiti wake alikuwa Thomas Jesse Jones, ambaye zamani alifundisha katika chuo cha Hampton kule Virginia, na ambaye mwaka 1917 alikuwa ametoa ripoti ya namna hiyo hiyo juu ya shule za Wamarekani weusi. Miongoni mwa wajumbe wa tume alikuwamo Mwafrika mmoja tu, James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana.

Ripoti ya 1925 ilisema kwamba elimu imfaayo Mwafrika ni ile inayofuata mazingira yake: kilimo, kazi za mikono, afya ya nyumbani na maisha ya kijiji. Tunapoisoma leo pamoja na ile ya 1917, tunatambua kwamba jibu lilikuwa limefungwa ndani ya mizigo kabla meli haijang'oa nanga. Yale yaliyosemwa juu ya watoto wa watumwa wa zamani kule Marekani yalisemwa tena juu ya watoto wa Wanyamwezi na Wakikuyu. Mwanachuoni W. E. B. Du Bois alikuwa ameikosoa vikali ripoti ya kwanza tangu mwaka 1918, akieleza kwamba elimu ya namna hiyo ingewaweka watu weusi mahali pale pale walipokuwa wamewekwa. Lakini ukosoaji wake haukuzuia ripoti ya pili. Wala fedha hazikukawia, kwani mwaka 1925 ulifunguliwa mpango wa kuwafunza walimu wa vijijini huko Kabete, Kenya, kwa msaada wa Shirika la Carnegie la Marekani.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu, lakini. Mengine yaliyomo katika ripoti ile yalikuwa ya kweli, na mengine tulikuja kuyasema sisi wenyewe mwaka 1967 katika *Elimu ya Kujitegemea*: kwamba shule isimtenge mtoto na kijiji chake, na kwamba mikono haina aibu. Tofauti ni kwamba mwaka 1967 waliosema ndio waliokuwa wakitaka kujitawala kwa elimu hiyo, na mwaka 1925 waliosema walikuwa wakizungumza juu ya watu wa kutawaliwa. Sentensi zinaweza kufanana neno kwa neno na maana zikawa mbalimbali, jambo ambalo mwalimu wa fasihi hahitaji kufundishwa.

Sasa tuingie katika mfano wetu mkuu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi, na Kiingereza kikabaki katika sekondari na vyuo. Ilitazamiwa kwamba Kiswahili kingepanda ngazi moja baada ya nyingine. Katika miaka ya sabini Baraza la Kiswahili la Taifa liliwaomba wanazuoni wawili, Penina Mlama na May Matteru, wachunguze hali ilivyo. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 1978, yaliandikwa kwa Kiswahili na yakaeleza haja ya kukitumia Kiswahili kufundishia elimu ya juu. Walionyesha kwamba darasa linaloendeshwa kwa Kiingereza lilikuwa darasa la ukimya, na kwamba wanafunzi wale wale walichangamka na kujadiliana mara lugha ilipobadilika. Kisha mwaka 1980 Rais Nyerere aliunda Tume ya Elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1982. Tume ilipendekeza kwamba Kidato cha Kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985.

Mwaka 1985 ulifika na kupita. Kabla haujafika Serikali ilikuwa imekwisha kueleza kwamba mabadiliko hayo hayatafanyika. Mwaka 1984 walikuja wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, kwa gharama za serikali ya nchi yao, kuchunguza ufundishaji wa Kiingereza na matumizi yake kama lugha ya elimu nchini Tanzania. Ripoti yao ndiyo tunayotaka msomaji aitazame nasi kwa makini, kwa sababu ni mojawapo ya ripoti zilizoandikwa kwa uaminifu mkubwa kuhusu shule zetu, na papo hapo ni mojawapo ya zile zinazotatanisha zaidi.

Uaminifu wake umo katika vipimo. Wataalamu hao waliwapima wanafunzi kuanzia shule ya msingi hadi Chuo Kikuu, wakitumia vifungu vya habari vilivyoondolewa maneno ili mwanafunzi ajaze mapengo, na hawakuficha walichokiona. Walisema kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliofikia kiwango ambacho mtu angeweza kutazamia elimu kwa Kiingereza *ianze*. Msomaji alifikirie neno hilo. Wanafunzi hao walikuwa wakimaliza miaka minne ya kufundishwa kwa Kiingereza, na tisa katika kila kumi walikuwa hawajafika mahali pa kuanzia. Kuhusu Chuo Kikuu walisema kwamba wasiofikia hata asilimia 20 ya waliopimwa ndio walioweza kusoma kwa wepesi vile vitabu vilivyo rahisi zaidi kati ya vile walivyotakiwa kuvisoma. Haya hayakusemwa na mpenzi wa Kiswahili aliyetawaliwa na jazba. Yalisemwa na Waingereza wawili waliokuja kukitazama Kiingereza.

Baada ya vipimo kama hivyo mtu angetazamia pendekezo gani? Anayesoma kurasa za katikati bila ya kuona za mwisho angedhani kwamba wataalamu watasema mti huu hauzai katika udongo huu, au angalau watasema kwamba suala la lugha ya kufundishia litazamwe upya. Badala yake ripoti ilipendekeza kwamba Wizara ithibitishe tena kwamba Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika sekondari na elimu ya juu, na kwamba juhudi kubwa zifanywe za kukiinua. Mwaka 1987 ukaanzishwa mpango wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza katika sekondari, kwa fedha za Uingereza, na shule zikapokea vitabu vya kujisomea vya Kiingereza chepesi. Mfadhili wa utafiti alikuwa ndiye mfadhili wa dawa iliyopendekezwa.

Hatusemi kwamba wataalamu hao walinunuliwa. Mtu aliyenunuliwa asingeandika ile asilimia 10. Kosa tunaloliona sisi liko mbele zaidi, katika swali lenyewe. Jina la ripoti lilitaja Kiingereza: ufundishaji wake na matumizi yake. Hakuna aliyetumwa kupima ni kiasi gani cha fizikia au historia ambacho mwanafunzi yule yule angeelewa kwa Kiswahili. Mpimaji aliyepewa mzani mmoja atakuja na uzito wa upande mmoja, hata awe mwaminifu vipi, na atakapofika kwenye mapendekezo hatakuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Ndiyo sababu mwili wa ripoti unaelekea mashariki na mkia wake magharibi. Na hapa ndipo tunapoona kanuni ya kwanza ya kugharimia utafiti ambayo tungependa itiwe katika maandishi: anayelipa asiwe yeye peke yake anayetunga swali. Walimu wa somo linalochunguzwa, wakuza mitaala na chuo cha hapa nchini waketi pamoja na mwenye fedha kabla ya fedha kutoka, na waulizane ni nini kinachoachwa nje ya swali. Kadhalika kila ripoti ieleze katika ukurasa wake wa kwanza ni nani aliyelipa, na kama mlipaji huyo anauza au anatoa kitu ambacho mapendekezo yanataka kinunuliwe au kipokewe.

Lakini ingekuwa ni kujidanganya kumtupia mgeni lawama yote. Utafiti wa Mlama na Matteru ulikuwa wetu, ulilipwa na sisi, ukaandikwa kwa lugha yetu. Tume ya Makweta ilikuwa ya Rais wetu. Mapendekezo ya vyombo hivyo viwili hayakukataliwa na utafiti mwingine ulioonyesha kwamba yana makosa; yaliwekwa kando. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye hakuna atakayemshuku kwa kukidharau Kiswahili, alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Yawezekana kabisa kwamba kauli hiyo ilikuwa na busara yake, kwani nchi isiyo na lugha ya kuzungumza na wengine hujifungia ndani. Lakini kauli hiyo inajibu swali la kama tujifunze Kiingereza. Haijibu swali la kama mtoto afundishwe biolojia kwa Kiingereza. Hayo ni maswali mawili, na katika kuyachanganya tumepoteza miaka mingi.

Mchanganyiko huo huo umeingia hata katika zana za watafiti. Tuchukue dodoso la kawaida linalopelekwa kwa wazazi. Likiuliza, "Je, ungependa mtoto wako ajue Kiingereza?" ni mzazi gani atakayesema hapana? Sisi wenyewe tungejibu ndiyo mara mbili. Likiuliza, "Je, ungependa mtoto wako afundishwe hesabu kwa lugha anayoielewa?" jibu litakuwa ndiyo vile vile. Mtafiti aliyeuliza swali la kwanza atarudi mjini na kuandika kwamba wazazi wengi wanataka Kiingereza, na aliyeuliza la pili ataandika kwamba wazazi wengi wanataka Kiswahili, na wote wawili watakuwa na majedwali. Wanafunzi wanaotusoma wajaribu zoezi hili katika mtaa wao, kwa kuuliza nyumba kumi swali la kwanza na nyumba nyingine kumi swali la pili. Watajifunza juu ya utafiti jambo ambalo haliandikwi mara nyingi katika vitabu vya mbinu.

Upande wa mwalimu nako kuna tatizo la aina yake. Mtafiti anapoingia darasani na kuketi nyuma, akiwa na daftari na barua iliyopitia kwa katibu tawala wa mkoa, wa wilaya, na ofisi ya mkurugenzi, mwalimu humwona kama mkaguzi. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, ndivyo waraka unavyosema. Kwa hiyo siku hiyo mwalimu atazungumza Kiingereza kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, na wanafunzi watakaa kimya kama maji ya mtungini, hata kama jana yake dhana ya msukumo wa hewa ilielezwa kwa Kiswahili, ikaeleweka, na kila mtu akacheka. Akiletewa dodoso, tena limeandikwa kwa Kiingereza, likimwuliza kama hutumia Kiswahili katika vipindi vyake, atajibu kwamba hatumii. Hasemi uongo kwa ubaya. Anajilinda. Utafiti usiomhakikishia mwalimu kwamba jina lake na jina la shule yake havitafika ofisini kwa mwajiri wake, utakusanya hofu na kuiita taarifa.

Nao wanafunzi, hasa walio wadogo, hawaulizwi kama wanakubali. Huambiwa tu kwamba kuna mgeni, wakae vizuri. Vyama vya watafiti wa elimu katika nchi nyingine vimekwisha kuliandikia jambo hili. Chama cha Uingereza, kwa mfano, kilitoa mwongozo wake wa maadili mwaka 1992 na kimeurekebisha mara kadhaa tangu hapo. Kibali cha mkuu wa shule si kibali cha mtoto wala cha mzazi wake. Tunajua ugumu wa kuwafikia wazazi wa wanafunzi wa bweni, lakini ugumu huo ni sehemu ya gharama za utafiti na uwekwe katika bajeti kama inavyowekwa petroli ya gari. Wala isiwe desturi kuja na madodoso katika wiki za mitihani ya majaribio ya Kidato cha Nne, kwa sababu tu ndipo likizo za vyuo vya ng'ambo zinapoangukia.

Tulisema fedha za mgeni si lazima ziharibu jibu. Mfano wa hilo tunao. Mwaka 2002 ulianza mradi wa kuchunguza lugha ya kufundishia katika Tanzania na Afrika ya Kusini, ujulikanao kama LOITASA, kwa fedha za Norway. Uliongozwa na Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo, Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Zubeida Desai wa Chuo Kikuu cha Western Cape. Watafiti wake walifanya lile ambalo mwaka 1984 halikuombwa: masomo kama biolojia na jiografia yalifundishwa kwa Kiswahili katika baadhi ya madarasa na kwa Kiingereza katika mengine, kisha wakalinganisha. Waliofundishwa kwa Kiswahili walishiriki zaidi na walielewa zaidi. Mradi huu ulikuwa na sifa nyingine tunayoithamini, nayo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wanafunzi wa shahada wa hapa kwetu, ambao walibaki na ujuzi baada ya mradi kwisha.

Hata hivyo uhakiki usichague rafiki. Viongozi wa mradi huo walikuwa wamejulikana kwa miaka kama watetezi wa lugha za Kiafrika katika elimu, na hawakulificha hilo. Sisi tunaafiki msimamo wao, na kwa sababu hiyo hasa tunapaswa kuwauliza yale yale tuliyowauliza Criper na Dodd. Je, walimu waliofundisha kwa Kiswahili walikuwa na ari ile ile na wale wa Kiingereza, au walikuwa na furaha ya kujaribu jambo jipya? Je, madarasa yalifanana katika idadi na katika maksi za kuingilia? Anayetaka Kiswahili kishinde kwa haki ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuuliza, maana ushindi wenye nyufa hubomolewa na mpinzani wa kwanza mwenye akili.

Namna ya kuyajibu maswali hayo ilionyeshwa, katika jambo jingine kabisa, na jaribio la KiuFunza lililofanywa na asasi ya Twaweza mwaka 2013 na 2014. Shule za msingi 350 katika wilaya 10 ziligawanywa kwa kura. Shule 70 zilipewa fedha za ruzuku, nyingine 70 walimu wake waliahidiwa bakshishi kwa kila mwanafunzi atakayefaulu mtihani wa kusoma na kuhesabu, 70 zikapata yote mawili, na 140 hazikupata chochote ila kulinganishwa. Ilionekana kwamba ruzuku peke yake haikuinua maksi, na kwamba vitu viwili vikiunganishwa vilileta zaidi ya vikitengwa. Kura huondoa shaka ya kwamba waliochaguliwa ni wale wenye ari. Huo ndio uzuri wake. Lakini mwalimu aliye katika zile shule 140 naye ana swali la kuuliza: kwa miaka miwili alipimiwa wanafunzi wake ili wengine wapate maarifa, yeye anadaiwa nini? Hatudhani kwamba jibu lazima liwe fedha. Angalau aambiwe mapema kwamba yumo katika kundi la kulinganishia na kwa sababu gani, na kilichogunduliwa kimfikie yeye kabla ya kuwafikia wasomaji wa jarida la uchumi la ng'ambo ambamo matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019.

Jambo hili la kurudisha matokeo ndilo tunalolipa uzito kuliko mengine yote. Mwanakijiji aliyepimiwa mtoto wake na watu wa Uwezo, ule upimaji ulioanza nchini mwetu, Kenya na Uganda miaka kumi na mitano hivi iliyopita, aliambiwa papo hapo nyumbani kwake kama mtoto anaweza kusoma hadithi ya Darasa la Pili au hawezi. Hakuhitaji jedwali. Mzazi alisimama pale mlangoni akamsikia mwanawe akishindwa kusoma aya, na tangu dakika hiyo utafiti ukawa wake. Linganisha na mwalimu wa sekondari ambaye amejaza madodoso kwa miaka ishirini na hajawahi kuona hata ukurasa mmoja wa kilichotokana nayo. Tunapendekeza kwamba hakuna mtafiti, wa hapa au wa kutoka nje, atakayehesabiwa kuwa amemaliza kazi mpaka apeleke kwa kila shule aliyoingia muhtasari wa Kiswahili, kurasa nne au tano, ulioandikwa kwa mwalimu na kwa mwanafunzi, na fedha za kuuandika na kuuchapa zitengwe tangu siku ya kwanza.

Vyombo vya kusimamia hayo tunavyo. Baraza la Utafiti la Taifa liliundwa mwaka 1968, na mahali pake pakachukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986. Mtafiti mgeni hutakiwa kupata kibali na kuwa na mshirika wa hapa nchini. Ila ushirika huo usiwe wa jina. Tunawafahamu wanazuoni ambao kazi yao katika mradi ilikuwa kutafuta barua, kutafuta gari na kutafsiri salamu, na uchambuzi ukafanyiwa mbali na jina la mshirika likatokea katika shukrani. Takwimu zilizokusanywa katika shule zetu zibaki na nakala katika maktaba ya chuo cha hapa, ili mwanafunzi wa miaka ijayo aweze kuzihesabu upya.

Tena tuseme na upande wa pili. Kibali kinachomzuia mgeni kuchukua kinaweza pia kumzuia mwananchi kusema. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyowatia hofu watafiti wengi, kwani iliwezekana mtu kushtakiwa kwa kutangaza takwimu zilizotofautiana na za Serikali. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa. Tunalitaja kwa sababu kanuni njema za utafiti hupimwa kwa jambo hili: kama mwalimu wa kawaida, aliyepima wanafunzi wake kwa uangalifu na akaona kwamba hawaelewi, anaweza kuandika hivyo na akalala usingizi.

Kuhusu fedha hatuna mengi. Viongozi wa Afrika walikubaliana Lagos mwaka 1980 kwamba kila nchi itumie asilimia 1 ya pato lake kwa sayansi na utafiti, na lengo hilo limerudiwa katika mikutano mingi bila ya kufikiwa. Maadamu hatulipi, tutaendelea kuulizwa maswali ya wanaolipa. Utafiti wa elimu, lakini, si lazima uwe ghali. Mlama na Matteru hawakuwa na kompyuta wala magari ya miradi. Walikuwa na swali lililotoka hapa, walikwenda wakasikiliza, wakaandika kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kukisoma bila ya kamusi.

Tungependa kuiona ripoti hiyo ya 1978 katika maktaba za shule, kando ya riwaya na tamthilia tulizozitaja mwanzoni, na pamoja nayo tafsiri ya Kiswahili ya ripoti ya Criper na Dodd. Darasa moja ligawiwe mbili, nusu isome hii na nusu isome ile, kisha wanafunzi waketi pamoja na kuulizana ni nani aliyetunga swali, ni nani aliyelipa, ni akina nani waliopimwa, na kama pendekezo la mwisho linatoka katika vipimo au linatoka mahali pengine. Vipindi viwili vya alasiri vingetosha, na mjadala uendeshwe kwa lugha yoyote watakayoichagua wenyewe.